Gia na mteremko wa Salgaa

Tangu Safari Rally irejee katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 na kupiga kambi Naivasha, vijana wengi wa Nakuru hawaoti ila Subaru. Wengi huchagua yenye gia zinazojibadili zenyewe. Hatuwalaumu, msongamano wa mjini huuchosha mguu wa klachi.

Lakini mteremko wa kutoka Mau Summit hadi Salgaa, kupitia Sachangwan, ni jambo jingine. Hapo breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Linalolizuia gari ni injini yenyewe, ikiwa katika gia ya chini. Gari la otomatiki nalo lina gia hiyo, ila dereva aliyezoea kuuacha mkono wa gia kwenye D haikumbuki kamwe. Mwenye gia za mkono huwa amekwisha kuitia kabla ya kuanza kuteremka.

Twawasihi wazazi wanaowalipia watoto mafunzo ya udereva wadai leseni ya B2, si B1 ambayo ni ya otomatiki pekee. Klachi huchukua muda kuizoea, na vijana watanung'unika. Na wanung'unike.