Tunachanga kwa Upasuaji, Tunasahau Kipimo

Parokiani kwetu hakuna mchango unaojaa upesi kama ule wa kumpeleka mtoto kupasuliwa moyo. Jumuiya ndogo ndogo huchanga, WAWATA hupitisha kikapu, na mtoto husafiri hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Akirudi, huadhimishwa misa ya shukrani, na kikapu hufungwa. Sisi tunaona kinafungwa mapema mno.

Wengi wa watoto hao waliharibikiwa valvu, yaani milango ya moyo inayozuia damu isirudi nyuma, kutokana na mafindofindo yaliyoachwa bila tiba. Baadhi yao huwekewa valvu ya bandia ambayo watu huiita ya chuma. Damu ikipita kwenye kitu kigeni kama hicho huelekea kuganda. Donge likishika hapo, valvu hukwama. Likichukuliwa hadi ubongoni, mtoto hupooza. Kwa sababu hiyo hupewa warfarini, kidonge cha kila siku cha maisha yote. Vidonge vipya visivyohitaji kupima damu mara kwa mara havifai kwa valvu hiyo.

Kidonge hicho hakina kiasi kimoja kwa wote, na hapo ndipo kinapoingia kipimo cha INR. Damu ya mshipa hutiwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande. Maabara huongeza dawa nyingine ya kuigandisha, kisha huhesabu sekunde. Zamani sekunde za hospitali moja hazikulingana na za nyingine, kwa kuwa dawa za maabara zilitofautiana. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha namba ya kulinganisha, ndiyo INR. Mtu asiyetumia warfarini ana kama 1. Mwenye valvu ya bandia hutakiwa awe, kwa mfano, kati ya 2.5 na 3.5, daktari ndiye humwandikia kiwango chake. Wazazi wasiisome namba hiyo kama alama za shule. Mtoto mwenye 6 hakufaulu kuliko mwenye 3. Yu karibu kutokwa damu puani, kwenye fizi, hata ubongoni.

Namba hiyo haitulii. Flagyl na Septrin zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya tumbo au kikohozi huipandisha. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, nayo hushindana na warfarini. Mtoto asikatazwe mboga, bali ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Wapo pia walioacha dawa baada ya kuambiwa ni sumu ya panya. Ni kweli iliuzwa kwa kazi hiyo tangu 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wagonjwa. Kinachotofautisha ni kiasi, na kiasi hujulikana kwa kupima.

Kwa wasichana tunaongeza neno, na tungependa lifike kwa wanaotoa mafundisho ya ndoa: warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Msichana huyo amwone daktari wa moyo kabla ya harusi, wala asiache dawa kwa hiari yake, maana kuiacha ghafla kwaweza kumwua yeye.

Sasa tuseme la fedha. Kipimo hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na zahanati nyingi hazinacho. Mzazi hulipa nauli ya watu wawili na kupoteza siku ya shamba. Akikosa, hukisia. Je, tulichangia upasuaji ili tuje kukisia? Kamati ya mchango imwulize daktari vipimo vya mwaka mzima ni vingapi, na ihesabu gharama na nauli yake pamoja na ile ya safari ya kwanza. Hospitali za Kanisa nazo zifikirie mashine ndogo inayopima tone la damu la kidoleni. Vibanzi vyake vina bei, hatukatai, lakini parokia tatu nne zenye wagonjwa zaweza kuvinunua pamoja.