Turudi kwa Kiasi, Ugali Ukae Kando ya Sahani

Na Mumbua Saitoti

Hapa Kitengela wapo wengi ambao safu ya leo inawahusu. Walipunguza wanga, wakakonda, nguo zikawapwaya. Kisha ikaja sikukuu, au msiba, au mwezi mgumu, ugali ukarudi mezani na kilo zikarudi nao. Sasa wanataka kuanza upya na wanaona haya. Nawaambia waanze. Ila safari hii wasianzie kwenye kufuta kila kitu. Waanzie kwenye kiasi, na wakae hapo.

Lipo jambo ambalo mtu haelezwi anapopewa orodha ya vyakula vya kuepuka. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu 3 za maji. Ukikata ugali, chapati na sukari kwa ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka. Ndiyo maana mizani inaweza kushuka kilo 2 ndani ya siku chache, mtu akaamini amepata dawa. Mafuta ya tumboni wakati huo hayajaguswa sana; hayo huondoka polepole, wiki baada ya wiki. Halafu siku moja anakwenda harusini Isinya, anakula pilau kama wageni wengine, akiba inajaa na maji yanarudi. Kesho yake mizani inamwonyesha kilo moja na nusu zaidi. Anaona miezi miwili ya kujinyima imeteketea kwa sahani moja, na anaacha.

Nimewaona watu wazuri, wenye nidhamu kazini na kanisani, wakijiita dhaifu kwa sababu hiyo. Hawakuwa dhaifu. Walihesabu maji wakidhani wanahesabu mafuta. Mtu aliyeelezwa hivyo mapema angekula pilau yake, akarudi kwenye mboga zake siku iliyofuata, na baada ya siku tatu nne mizani ingekuwa pale ilipokuwa.

Kuhusu kiasi chenyewe, upo utafiti ninaoupenda kwa sababu uliwaacha watu waishi kama watu. Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwafuata watu wazima 609 wenye uzani uliozidi kwa miezi 12, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga. Wote waliambiwa waache sukari na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi, wapike nyumbani. Wa wanga walipoteza wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ndogo isiyo na uzito wa kitakwimu. Ndani ya kila kundi, wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Lakini linalonigusa mimi ni hili: kundi la wanga lilianza kwa kushuka hadi gramu 20 tu kwa siku, kisha kila mmoja akaruhusiwa kupanda mpaka kiwango anachoona anaweza kuishi nacho. Mwaka ulipokwisha, wastani wao ulikuwa kama gramu 130. Huko ndiko watu walikotua wenyewe walipoachiwa wachague, na huko ndiko ninakowaita wasomaji wangu warudi.

Tupime sasa siku ya kawaida ya mkazi wa Kitengela. Anatoka nyumbani alfajiri ili asinaswe na foleni ya barabara ya Namanga. Stejini anakunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili: gramu 60 hivi za wanga. Mchana chapati mbili na madondo, karibu 110. Jioni, akiwa amechoka ndani ya matatu, soda ya nusu lita, kama 50. Saa tatu usiku anakaa mbele ya ugali. Unga wa mahindi ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzani wake, kwa hiyo ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga unampa gramu 150. Jumla ni kama 370, na sehemu kubwa imeingia saa moja kabla ya kulala, baada ya siku nzima ya kukaa kitini.

Mtu huyo huyo akinywa chai bila sukari na mayai mawili, mchana akala chapati moja na bakuli la ndengu na managu, soda akaiacha dukani, na usiku akakata kipande cha ugali kinacholingana na ngumi yake, akaongeza sukuma wiki, maini au omena, na parachichi, ameshafika karibu na 130. Hajaacha ugali, wala hajawapikia watoto sufuria moja na yeye nyingine. Kwangu hilo la sufuria ndilo linaloamua. Mlo unaomtenga mama na meza ya watoto wake haudumu. Atauvumilia mwezi mmoja, labda miwili, kisha atarudi mezani, na ana haki ya kurudi.

Hapa Kajiado hoja nyingine huja haraka mtu akitaja wanga. Utasikia kwenye vibanda vya nyama choma kwamba Wamaasai waliishi kwa nyama karne na karne na hawakuwa na vitambi, basi leta kilo nyingine. Historia inatajwa visivyo. Chakula kikuu cha Wamaasai kilikuwa maziwa, mabichi na ya kugandishwa kwenye kibuyu. Nyama ilikuwa na majira yake, sherehe zake, na olpul, kambi ya porini ambako vijana walikwenda kuchinja na kunywa supu iliyochemshwa na magome ya miti. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao wa hapa Kenya uliowalinganisha Wamaasai wa maziwa, nyama na damu na Wakikuyu wa nafaka na mizizi. Walikuta wanaume wa Kimaasai ni warefu na wazito zaidi. Daktari wa Kimarekani George Mann aliwachunguza Wamaasai wa Tanganyika miaka ya 1960. Mwaka 1972 alipochapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 waliofariki, alieleza kwamba mishipa yao ilikuwa na mafuta yaliyoganda, lakini ilikuwa imepanuka kiasi cha damu kupita vizuri. Aliamini kutembea kwao kulichangia. Walikuwa wanafuata ng'ombe kutwa. Anayeegesha gari mbele ya bucha hana hoja hapo.

Na maisha hayo yenyewe yamebadilika. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILCA walipokaa kwenye ranchi za jamii za Olkarkar, Merueshi na Mbirikani miaka ya 1980, unga wa mahindi na sukari vilikuwa vimeshaingia katika maboma, hasa wakati wa kiangazi. Ranchi ya Kitengela nayo iligawanywa mwishoni mwa miaka hiyo, viwanja vikauzwa, nyua zikajengwa. Sensa ya 2019 ilikuta mji huu una watu zaidi ya 154,000. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023, ulioua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na familia nyingi za Kajiado zikabaki bila maziwa ya kukamua. Ninayeishi kwenye kipande cha malisho hayo siwezi kumpigia mfugaji kelele kwamba anakula ugali mwingi. Anakula kilichobaki.

Swali la pesa lazima lijibiwe, kwa sababu wanga ndio unaoshibisha kwa bei ndogo. Anayesema watu wa mshahara wa kiwandani wale nyama mara tatu kwa siku hajui wanaishije. Kiasi ninachokitetea kinasimama juu ya vyakula vya mama mboga: managu, terere, kunde, kabeji, mayai, omena, ndengu, maharagwe, parachichi la msimu, na maziwa ya mala yasiyotiwa sukari. Maharagwe na ndengu vina wanga, ndiyo, lakini vina protini na nyuzinyuzi pia, na tumbo huvimeng'enya taratibu. Mlo mkali huvipiga marufuku. Kwa mtu wa Kitengela, kumnyima ndengu ni kumrudisha kwenye njaa, na njaa itamrudisha kwenye mandazi.

Wapo ambao hawapaswi kuanza kabla ya kumwona daktari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide akipunguza wanga ilhali dozi ni ile ile, sukari yake inaweza kushuka ghafla akazirai, pengine akiwa barabarani. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na anayenyonyesha nao wapate ushauri wao kwanza. Kupimwa sukari na shinikizo la damu kabla ya kuanza ni busara kwa kila mtu, hata asiyejihisi mgonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Wengi wetu tumo humo.

Ombi langu linakwenda kwa wenye vibanda na hoteli za mji huu, na kwa wanaoendesha mikahawa ya viwanda vya EPZ pale Athi River, ambako majirani zangu wengi hula mchana. Wekeni ugali nusu kwenye orodha ya bei. Mteja anayesema, "Mama, nipunguzie ugali uniongezee mboga," huletewa mlima ule ule, au anapunguziwa ugali na mboga ikabaki kijiko kile kile, kisha analipa bei kamili. Ugali nusu na mboga mara mbili ni sahani inayoweza kuuzwa kwa faida, maana sukuma na kabeji si vitu ghali. Pembeni liwepo yai la kuchemsha kwa anayetaka kuongeza. Anayetaka ugali mzima aendelee kuupata, hasa yule wa mjengo anayebeba mawe kutwa. Lakini fundi wa cherehani anayeshinda ameketi, mhasibu, dereva wa matatu, hao wapewe nafasi ya kuagiza sahani yao bila kueleza maisha yao kwa mhudumu huku foleni ikisubiri nyuma yao.