Ruzuku ya Serikali kwa Vijana Wetu: Tusome Fomu Kwanza



Ndugu zangu, kikundi cha vijana msikitini kikikosa pango au mipira, hakosi mmoja wetu wa kusema tuombe ruzuku serikalini. Na hakosi mwingine wa kumjibu kwamba fedha ya serikali haina baraka. Mimi na huyu wa pili hatukubaliani. Fedha hiyo ni kodi, na kodi tunalipa sote, hata mama muuza vitumbua. Maskauti wakisaidiwa, vijana wa kanisa wakisaidiwa, na wetu wana haki hiyo hiyo.

Ila tutazame yaliyowafika wenzetu wa Uingereza. Mwaka 2007 serikali ya huko ilianzisha mfuko wa kuzuia misimamo mikali, paundi milioni 6 kwa mwaka wa kwanza, ukapitia katika halmashauri 70 hivi. Halmashauri zenyewe zilichaguliwa kwa kutazama wingi wa Waislamu. Si wingi wa uhalifu, wala ukosefu wa kazi: wingi wa Waislamu! Basi vikundi vilivyotaka kocha wa mpira au darasa la kompyuta vikajikuta vinaombea fungu la kuzuia ugaidi. Mtoto anacheza mpira wake, maskini, hajui kwamba kwenye karatasi za wakubwa yeye ni mtu wa kuchungwa.

Machi 2010 kamati ya Bunge la huko ilisema wazi kuwa mpango ule umewafanya Waislamu wajione wametengwa, na ikataka kazi ya kujenga jamii itenganishwe na kazi ya kupambana na ugaidi. Mwaka 2011 mpango ukabadilishwa. Lakini vikundi vilivyokwisha kuandikwa chini ya jina lile, nani atawafutia?

Msiseme hayo ni ya mbali. Kenya ilizindua mkakati wake wa kupambana na misimamo mikali mwaka 2016, na kaunti za pwani zikaandaa mipango yao. Sikatai kwamba wapo vijana waliopotea kweli, na wazazi wamelia. Kazi hiyo ina wenyewe na ina mahali pake. Kuifunga pamoja na mipira na masomo ya jioni ndiko ninakokupinga.

Kwa hiyo ofisa akija na fomu, wazee wa kamati wamkaribishe kwa heshima, kisha wamuulize: fungu hili linaitwaje? Maskauti wanaombea fungu lipi? Majina ya watoto wetu yatapelekwa kwa nani? Kama lipo fungu la vijana wote, tuombe hilo hilo, tushindane na wengine, na tukikosa tukose kama wanavyokosa wao. Kama hakuna ila lile jingine, basi tupitishe bakuli baada ya sala ya Ijumaa kama tulivyozoea, na mipira isubiri.