Fedha Zivukazo Ziwa



Neno ng'ambo katika vinywa vya watu wengi maana yake ni Ulaya na Marekani. Lakini kwetu sisi tukaao ukingoni mwa Ziwa Victoria, ng'ambo ni ng'ambo kweli: Kisumu, Port Bell, Entebbe. Fedha nyingi za watumishi wa Serikali huvuka maji hayo, kwa kuwa wazazi wengi wa mikoa hii wamewapeleka watoto wao kusoma Kenya na Uganda. Kama yafaa kuwasomesha huko au hapa kwetu, hatusemi neno leo. Kila mzazi ana sababu zake. Tusemalo ni hili, ya kuwa sehemu ya fedha hizo haifiki. Haiibiwi, bali huliwa njiani kwa hesabu halali, na sisi tulio watu wa kalamu na hesabu twaiacha iliwe.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Tangu miaka ya 1920 mpaka mwaka 1966 shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 1933 posta za nchi hizo tatu zilikuwa chini ya utawala mmoja. Karani wa Mwanza aliyekuwa na mdogo wake Makerere alikwenda posta, akanunua hawala, akalipa ada yake, na shilingi ishirini za hapa zilikuwa shilingi ishirini kule. Hatuyasemi hayo kwa kuutamani ukoloni. Mshahara wa karani yule twajua ulivyokuwa. Lakini mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake yenyewe, ilizaliwa ada ya pili, nayo ada hiyo haiandikwi waziwazi katika risiti.

Ada ya pili ni bei ya kubadili fedha. Wengi wetu tukifika dirishani twauliza, "Ada ni kiasi gani?" Tukitajiwa kiasi kidogo twafurahi. Natutazame mfano wa kubuni. Tuseme shilingi moja ya Kenya yapatikana sokoni kwa shilingi 20 za Tanzania, nawe unazo shilingi 400,000. Wakala wa kwanza atoza ada ya shilingi 4,000, lakini ahesabu kila shilingi ya Kenya kwa shilingi 21 na senti 50. Wa pili atoza shilingi 12,000, naye ahesabu kwa shilingi 20 na senti 20. Mwenye haraka atamkimbilia wa kwanza. Sasa shika kalamu: kwa wa kwanza mtoto atapata shilingi 18,418 za Kenya, na kwa wa pili atapata shilingi 19,207. Mwenye ada kubwa mara tatu ndiye rahisi. Basi swali la kuuliza dirishani ni moja tu: "Nikikupa hizi, atapokea ngapi kule?" Naye na ajibu kwa tarakimu, tena kwa maandishi.

Wala hayo si manung'uniko ya makarani peke yao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya fedha ambazo wahamiaji huwapelekea jamaa zao isizidi asilimia 3. Benki ya Dunia, ambayo huzichunguza bei hizo, imezitaja mara nyingi njia za kutoka Tanzania kwenda kwa jirani zetu miongoni mwa njia ghali kabisa duniani, gharama zikipita asilimia 10. Katika kila shilingi kumi, moja na zaidi! Nauli ya meli ingekuwa hivyo tungaliandamana bandarini.

Kwa fedha kidogo, au mtoto akiugua ghafula, simu yafaa sana. Tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Tanzania na M-Pesa ya Kenya zimeunganishwa, na fedha hufika upesi. Bei ya kubadili itazamwe, basi.

Kwa ada ya muhula mzima, benki haikwepeki, na hapa ndipo penye hasara kubwa. Benki mara nyingi hutoza kwa safari, si kwa uzito wa mzigo. Apelekaye laki mbili aweza kulipa sawasawa na apelekaye milioni mbili. Kisha kuna jambo la dola. Fedha zikienda kwa dola, shilingi yetu hununua dola hapa, na dola hununua shilingi ya Uganda kule. Wabadilishaji ni wawili, na kila mmoja amepata chake. Nazo dola zenyewe huweza kupitia benki ya tatu huko Marekani, nayo huweza kukata. Katika fomu mna swali ambalo wengi hulipita bila kulisoma: ni nani atakayelipa gharama, mpelekaji, mpokeaji, au wote wawili? Ukitia alama mahali pa mpokeaji, au pa wote wawili, shule itapokea pungufu. Twamjua mwenzetu aliyelipa ada kamili, risiti anayo, na mwanawe akatolewa katika chumba cha mtihani kwa upungufu usiotosha kununua jozi ya viatu. Baba alimshuku mhasibu wa shule, na mhasibu alimwona baba kuwa mdanganyifu. Kosa lilikuwa ile alama katika kisanduku.

Tena iko njia isiyopita kwenye dola. Tangu mwisho wa mwaka 2013 Benki Kuu za Kenya, Uganda na Tanzania zimeunganishwa katika mfumo wa malipo wa Afrika ya Mashariki, na Rwanda iliingia baadaye. Kwa mfumo huo benki huweza kupeleka kwa shilingi za nchi hizi zenyewe. Usipoutaja, waweza kupewa fomu ya dola, maana ndiyo iliyo karibu na mkono. Utajeni.

Wapo watakaosema, "Mbona mnahangaika? Nendeni Kirumba." Ni kweli kwamba pale Mwaloni dagaa huuzwa kwa wanunuzi wa nchi jirani, na mfanya biashara mwenye fedha zake Kampala aweza kuzitaka Mwanza, wakati sisi tunazo Mwanza twazitaka Kampala. Akili ya jambo hilo ni njema, wala hatuwadharau wenyewe. Wengi ni waaminifu kuliko wenye tai. Lakini Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 yataka afanyaye kazi hiyo awe na leseni ya Benki Kuu. Mtumishi wa Serikali asiye na risiti, fedha zikipotea, ataanzia wapi kushtaki?

Shauri letu ni jingine. Ikiwa ada ya benki ni ya safari, basi tusafirishe pamoja. Wenye watoto katika shule moja waweke akiba kila mwezi, na kila muhula ziende mara moja, kwa fomu moja, na orodha ya majina ya watoto ikifuatana nayo. Watu kumi wapelekao kila mwezi hulipa ada arobaini kwa miezi minne; wakipeleka pamoja hulipa moja. Tena mwenye mzigo mkubwa huweza kusema na meneja wa benki juu ya bei ya kubadili, jambo ambalo karani mmoja mwenye laki mbili hawezi.

Twajua pingamizi itakayokuja: nani atazishika? Nayo ni pingamizi ya haki, kwa maana vyama vingi vimekufa mkononi mwa mweka hazina. Kwa hiyo zisishikwe na mtu. Zikae benki katika hesabu ya peke yake, isiyochanganywa na michango ya chama, zitolewe kwa sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi awe mzazi asiye na cheo chama­ni. Taarifa ya benki ibandikwe ubaoni kila mwezi. Shule nayo iandike barua ya kukiri kila jina na kila kiasi ilichopokea.

Tungependa kuanza na Kampala, ambako watoto ni wengi. Kila mzazi amletee katibu jina la shule, ada ya muhula, tarehe ya mwisho ya kulipa, na risiti yake ya mara ya mwisho, pamoja na barua ya shule ionyeshayo kiasi kilichopokelewa. Hizo mbili zikiwekwa pamoja mezani, tutajua kila mmoja wetu amekuwa akipoteza ngapi, kisha tutakwenda kwa meneja na hesabu mkononi.