Zahanati ipo kijijini, je, usafiri?

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji nchini kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo halijafikiwa kila mahali, lakini kama unaishi kijijini huenda leo unatembea mwendo mfupi kuliko mama yako alivyotembea.

Hata hivyo, zahanati haifanyi upasuaji wala haiongezi damu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Akishapewa huduma ya kwanza, kinachoamua uhai wake ni gari la kumfikisha hospitali.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na malipo yake hutumwa kwa simu. Familia haidaiwi nauli. Wanaohudumiwa ni wajawazito, mama waliojifungua hadi siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28.

Sasa fikiria mwanao wa miaka miwili akipata degedege la malaria kali usiku. Hayumo katika orodha hiyo. Hapo wewe mzazi ndiye unayetafuta bodaboda na kukopa nauli, huku muda unakwenda. Na hata kwa mama mjamzito, dereva hafiki kama mtandao haushiki au daraja limesombwa na mvua za masika.

Kwa hiyo tusihesabu majengo pekee. Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hudhuria, uulize: dereva wetu aliyesajiliwa ni nani? Barabara ya kwenda hospitali inapitika masika? Mtoto aliyevuka siku 28 atasafirishwa na nani, kwa fedha ipi?

Wakati majibu yakisubiriwa, usichelewe. Mtoto akipata degedege, akipoteza fahamu, akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, mpeleke kituo kilicho karibu mara moja. Usisubiri kupambazuke.