SAYANSI ISIWE YA WENYE NAULI TU

Ndugu wanachama,

Mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa Kenya yana ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Je, mtoto wa mkata miwa wa Mayoni ashinde kwa akili, halafu ashindwe kwa nauli? Hatukubali!

Kiwanda cha Mumias kilipochoma makapi ya miwa kikauza umeme, mafundi wetu ndio walioendesha mitambo. Mwaka 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu kwa madeni. Ujuzi wetu haukufilisika. Basi mafundi, nendeni shuleni mkawaonyeshe watoto kazi. Wazazi, ulizeni mapema mikutanoni: safari ya kanda italipwa na nani? Tusingoje siku ya basi.

Umoja ni nguvu.