Simu ya Nyumba Nzima, Siri ya Mtu Mmoja

Huko Ludewa, mkoani Njombe, kuanzia Mlangali kwenye baridi mpaka Manda kwenye joto la Ziwa Nyasa, simu nyingi hazina mwenyewe mmoja. Mume huondoka nayo kwenda mnadani, mtoto huichezea, na chaji ikiisha hupelekwa dukani kwa mwenye sola, ikashinda huko kutwa. Mke akiiwekea namba ya siri amejitafutia kesi: anamficha nani, na anaficha nini?

Simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea habari za afya. Mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya Wazazi Nipendeni, ikawatumia wajawazito ujumbe wa bure kupitia namba 15001. Jambo jema, na mimba haina aibu kwa walio wengi. Lakini Njombe ina mzigo mwingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani wanaishi na VVU, kiwango kilichoongoza nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Ujumbe wa kumkumbusha mtu siku ya dawa, ukisomwa na mchaji simu, utafika kwenye kilabu cha ulanzi kabla haujamfikia mhusika.

Wapo wanaodai kwamba watu wa vijijini hawajali faragha. Si kweli hata kidogo! Wanajali mno, ila wanayemwogopa si mwizi wa mtandaoni aliye mbali. Ni wifi, shemeji na jirani. Mgonjwa anayeipita zahanati ya kijijini kwake akafuate dawa asikojulikana, huyo ameshajitungia sera ya faragha kwa miguu yake.

Sheria zipo. Ile ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kenya nako, Desemba 2016, Mahakama Kuu ilikataa agizo la rais la kukusanya majina ya watoto wa shule wenye VVU. Lakini sheria humwona mtu na simu yake. Nyumba ya Ludewa haiioni.

Basi wauguzi, nanyi mnaounda programu hizi za ujumbe, kabla ya kuandika namba ya mgonjwa muulizeni kwanza: simu hii hushikwa na nani? Ujumbe usitaje ugonjwa, dawa wala kliniki. Na asiyetaka kutumiwa, asitumiwe. Aandikiwe tarehe yake kwenye kadi, aende nayo.